Pepo za Magurudumu Manne

Mume wangu ana maradhi ya kuchungulia matairi. Hata leo, uzeeni, akipita karibu na gari la mtu, liwe la daktari au la muuza mbao, lazima ainame. Atalibonyeza tairi kwa dole gumba, kisha atamwambia mwenye gari, bila kuulizwa, kwamba upepo umezidi au umepungua. Wengine humshukuru. Wengine humtazama kama mwizi. Mimi husimama pembeni na kapu langu nikingoja amalize, maana nikimharakisha anaanza upya. Kulalamika siwezi. Upepo wa matairi ndio ulionikutanisha naye, na upepo huo huo nusura uninyime ndoa.

Ilikuwa miaka ya mwisho mwisho ya Mwingereza. Yeye alikuwa dereva wa bwana shamba, Mzungu mmoja wa Njombe aliyezunguka milimani kukagua pareto na matuta ya watu. Gari lenyewe lilikuwa landrova fupi yenye turubai, ngumu ya kukalia, ila ilipita mahali ambapo hata ng'ombe alifikiria mara mbili. Mimi nilikuwa msichana wa Kitandililo, nauza maharage sokoni Makambako. Siku moja landrova ikasimama karibu na maharage yangu, dereva akashuka, akachuchumaa mbele ya gurudumu akiwa na kitu kama kalamu mkononi. Nikamuuliza anatafuta nini.

"Naangalia kama pepo zinatosha," akasema.

Nikavuta debe langu la maharage nyuma. Nilikuwa binti wa mzee wa kanisa, na pepo nilizozijua mimi ni zile zilizoingia ndani ya nguruwe.

Akaona nimeshtuka, akaanza kunieleza. Sisi nyumbani tunazungumza Kibena. Kiswahili tulikipata shuleni, kila mtu na kipande chake. Yeye kipande alichokipenda kuliko vyote kilikuwa wingi wa maneno. Ukuta, kuta. Ufunguo, funguo. Upepo, pepo. "Tairi moja lina upepo, dada," akaniambia kwa upole kama mwalimu, "lakini haya ni manne." Nilicheka mpaka mteja wangu akaenda kununua kwa jirani. Yeye akanuna. Mpaka leo hajakubali kwamba anakosea, na mwalimu mmoja wa Kiswahili aliwahi kuniambia kwamba kwa kweli hakosei. Hilo sijamwambia mume wangu, na sina mpango wa kumwambia.

Basi akawa anasimama pale kila akipita Makambako, na kila akipita matairi yalihitaji kuangaliwa. Nikajifunza mambo ambayo msichana wa maharage hana haja nayo. Kwamba barabara ngumu ya kokoto inataka upepo wa kutosha, ratili ishirini na tano mbele, na nyuma thelathini ukiwa na mzigo. Kwamba ukizidisha, gari linarukaruka, na kwenye tope tairi linachimba na kuzama, kwa sababu limekuwa jembamba na gumu. Kwamba kwenye tope unapunguza mpaka kumi na tano hivi, tairi lipanuke na kukanyaga kwa unyayo wote. Na kwamba ukishatoka kwenye tope lazima uujaze tena kabla hujagusa kokoto, la sivyo unalikata tairi. Alisema hayo yote kwa macho ya mtu anayesema mambo mengine kabisa, nami nikamwelewa.

Kazi ilikuwa kwa baba. Baba yangu alikuwa mkulima na mzee wa kanisa, mtu wa haki, mrefu wa sala. Akifungua sala alianzia uumbaji, akapita gharika, na uji ulikuwa unapoa tukiwa bado jangwani. Dereva hakumtaka. Alisema dereva ni mtu wa njiani. Mshenga akaenda na kurudi, akaenda na kurudi, mpaka mwisho baba akakubali, lakini kwa neno moja. Mchungaji wa Njombe angefunga ndoa yetu Jumatatu ya Pasaka asubuhi, kisha angeondoka kwenda usharika wa Matembwe na kubaki upande ule mpaka mvua ziishe.

"Siku hiyo na si nyingine," baba akamwambia mshenga mbele yangu. "Asiyeweza kunifikishia binti yangu kanisani siku tuliyopatana, hataweza kumfikisha popote. Nitarudi naye nyumbani, na maneno yataishia hapo."

Baba akisema maneno yataishia hapo, yanaishia. Dada yangu alikuwa ameposwa na mtu mzuri tu wa Njombe, na posa ikavunjwa kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Nililala nikisikiliza mvua juu ya nyasi za paa na kuichukia kila tone.

Bwana shamba alimwazima dereva wake gari kwa ajili ya harusi. Hapo pakawa na matata mengine, maana kwetu bwana harusi hamchukui bibi harusi mwenyewe, na hakuna mwingine aliyejua kuendesha. Shangazi yangu, dada yake baba, akayamaliza kwa kaniki. Akaitundika nyuma ya viti vya mbele kama pazia, akanifunika kwa blanketi jipya kuanzia kichwani, akanikumbusha sheria: bibi harusi hasemi njiani. Hata neno. Akisema njiani, atasema maisha yake yote, na mume hatapata pa kuweka sikio lake. Na sheria ya pili haikunihusu mimi. Mkwe haongei na baba mkwe moja kwa moja mpaka ndoa ifungwe. Anamwambia mshenga, mshenga anamwambia mzee, hata kama wote watatu wamebanana kwenye kiti kimoja.

Kabla hatujaondoka, baba akalizunguka gari. Nilimwona kwa tundu nililojiachia kwenye blanketi. Akalipiga tairi la nyuma teke, akakunja uso.

"Mwambie kijana," akamwambia mshenga, "matairi yamelegea. Gari linambeba binti yangu, kwaya na maboga ya shangazi yake. Ajaze mpaka yawe magumu."

Mshenga akamgeukia bwana harusi, aliyekuwa amesimama umbali wa mkono mmoja, akamwambia vile vile. Alikuwa mjomba wake bwana harusi, na sifa yake ilikuwa hiyo: neno alilibeba kama alivyopewa, hakupunguza wala kuongeza. Niliuona uso wa mchumba wangu. Alikuwa ameshapima, mbele ishirini na tano, nyuma thelathini, sawasawa na mzigo. Lakini angefanyaje? Angembishia baba mkwe asubuhi ya harusi? Akachukua pampu ya mkono, akajaza, na kila aliposimama baba akapiga teke na kusema bado. Yaliishia kuwa magumu kama viazi vibichi. Baba akaridhika, akapanda mbele.

Tukaondoka. Mbele walikaa bwana harusi, mshenga na baba. Nyuma ya kaniki tulikuwa shangazi, mimi, wanaume watatu wa kwaya, maboga, na mtungi wa togwa ulioshikwa kama mtoto mchanga na mwimbaji wa sauti ya chini. Lo, tulirushwa. Kila kokoto ililifikia kila jino. Togwa ikaruka ikamlowesha shati mwimbaji, akaanza kunuka sherehe kabla ya sherehe. Nilisikia mshenga akisema, "Kijana anasema, kwa heshima zote, gari linaruka." Na baba akajibu, "Mwambie ni barabara."

Tukafika kwenye bonde lenye vinyungu pande zote mbili, zile bustani za majimaji ambazo watu wetu hulima bondeni. Barabara ilishuka, ikapita juu ya udongo mwekundu uliolowa usiku kucha, ikapanda upande wa pili. Mahali hapo palikuwa na sifa mbaya. Malori yalilala pale, na watu walisema kuna kitu. Mchumba wangu akavuta ile gia ndogo ya kufanya magurudumu yote manne yasukume, akaingia taratibu kama inavyotakiwa. Tulifika katikati. Matairi yakazunguka pale pale, yakachimba, gari likakaa chini na kutulia.

Halafu sauti ya baba: "Mwambie ajaribu tena."

Akajaribu. Tukazama zaidi.

Hapo nilijua la kufanya, na yeye alijua la kufanya, na sisi wawili tu ndio tuliojua. Yatolewe upepo, magurudumu yote manne. Lakini kusema hivyo mbele ya baba ilikuwa sawa na kumwambia kwamba tangu asubuhi yeye ndiye aliyekosea. Mchumba wangu ni mtu wa heshima mpaka inachosha. Nilimsikia akimvuta mshenga pembeni, karibu na ubavu wangu wa turubai, akamnong'oneza: "Mjomba, naenda kule kwenye vinyungu kuazima jembe na kukata matawi ya kutandika. Waambie watu wakati huo watoe pepo, magurudumu yote manne." Na akaondoka haraka, ili asiwepo baba atakapoambiwa.

Nilitaka kumwita, lakini blanketi lilikuwa kichwani na mkono wa shangazi ulikuwa juu ya blanketi.

Mshenga akamwendea baba. Akalibeba neno kama alivyopewa. "Mzee, kijana anasema watu watoe pepo. Magurudumu yote manne."

Baba akalirudia neno. "Pepo," akasema.

"Ndivyo alivyosema. Yote manne."

"Ameona mwenyewe?"

"Mzee, yeye ndiye anayelijua gari."

Sasa jamani, mfikirieni baba yangu. Mzee wa kanisa, bonde lenye sifa mbaya, gari lililozama bila sababu yoyote ambayo yeye angekubali kuijua, na kijana ambaye yeye alimdharau ndiye anayemwomba afanye kazi ya kiroho. Aliguswa. Niliisikia sauti yake ikilainika. "Kumbe ni kijana wa imani," akasema. Akawaita wanakwaya washuke, akawagawa, mtu na gurudumu lake, yeye mwenyewe akachukua la nyuma kushoto lililozama kuliko yote. Mshenga akasimama katikati kuitikia amina. Wakapiga magoti kwenye tope na suruali zao za harusi, wakaweka mikono juu ya matairi, na baba akafungua sala.

Akaanzia uumbaji.

Mwanzoni nilikuwa nakufa kwa kicheko. Nililiuma blanketi. Shangazi akadhani ninalia kwa uchungu wa kuacha nyumbani, akanipapasa mgongo na kuniambia kila mwanamke hulia. Nje, yule mwimbaji mwenye shati la togwa alikuwa akililaani gurudumu la mbele kwa sauti yake nene. Baba alikuwa kwa Nuhu.

Kisha kicheko kikaniisha. Kwenye lile tundu la blanketi niliona jua limeshapanda juu ya kilima. Huko Njombe mchungaji alikuwa amesimama na mkoba wake, akitazama barabara. Baba akimaliza, kama atamaliza, gari litakuwa limezama vile vile, na atasema pepo wamekataa kutoka, na maneno yataishia hapo. Nitarudi Kitandililo na maboga. Nitauza maharage nikitazama landrova ikipita bila kusimama, maana atakuwa na aibu ya kusimama. Niliogopa kweli kweli, na woga ule ukageuka hasira. Hivi nitaikosa ndoa yangu kwa sababu ya wingi wa neno moja?

Nikapiga moyo konde, nikalitupa blanketi.

"Baba," nikasema, kwa sauti ambayo hata waliokuwa vinyunguni waliisikia, "siyo pepo wachafu. Ni upepo. Upepo wa ndani ya matairi. Upunguzwe, tairi lipanuke, gari litoke."

Sala ikakatika jangwani. Shangazi akashika kichwa kwa mikono miwili. "Amesema," akawa anajisemea. "Njiani. Amesema."

Baba aliinua uso. Tope lilimfika viwikoni. Alinitazama mimi, akalitazama tairi, akanitazama tena, na niliona akiikumbuka asubuhi, teke baada ya teke. Mtu mwingine angenitukana. Baba yangu alikuwa mgumu lakini hakuwa mwongo.

"Yaani yamejaa mno," akasema.

"Yamejaa mno, baba."

"Na nani aliyetaka yajazwe?"

Hapo sheria ya kunyamaza ikanifaa, nikaifuata.

Baba akafungua kifuniko cha ule mdomo mdogo wa tairi, akabonyeza ndani kwa kijiti. Upepo ukatoka kwa mlio mrefu wa *fsss*. Mwimbaji wa shati la togwa, ambaye hakuwa amesikia vizuri maelezo yangu, aliruka nyuma akaangukia matuta ya mtu, akasema "Amina" akiwa chali. Ndipo kicheko kilipolipuka. Alianza mshenga, wakafuata wanakwaya, shangazi akashindwa kujizuia, na mwisho baba mwenyewe, ambaye sikuwahi kumwona akicheka mchana, akaegemea gari akifuta macho kwa mkono wa tope.

Mchumba wangu alirudi na jembe na matawi, akatukuta hivyo, wote wekundu, na bibi harusi bila blanketi. Hakuuliza. Akachukua kile kipimo chake cha kalamu, akapita gurudumu kwa gurudumu. Matatu, ambayo wanakwaya waliyapunguza wakimwiga baba, yalikuwa karibu na sawa. La baba lilikuwa linakaribia kulala kabisa, maana baba hakufanya jambo nusunusu. Mchumba wangu akafungua mdomo, akageuka kumtafuta mshenga.

"Mwache mjomba wako apumzike," baba akasema. "Niambie mimi. Nimezidisha?"

"Kidogo, baba."

"Basi nipe hiyo pampu, uniambie ikifika."

Akaongeza mwenyewe, akipumua kwa nguvu, mpaka mchumba wangu akasema, "Zimetosha, baba." Tukatandika matawi, wanaume wakasukuma, na gari likatambaa kutoka kwenye lile tope polepole na bila kelele. Juu ya kilima, kabla ya kokoto, tukajaza tena. Wanakwaya wakapokezana pampu wakiimba wimbo wa Pasaka, pigo moja kwa kila neno, na wimbo ulipokwenda taratibu mno shangazi akawaambia wabadilishe. Baba hakupiga teke tairi lolote. Kila lilipojaa alisubiri kipimo.

Njombe tulifika mchungaji akiwa ameshafunga mkoba kwenye baiskeli. Alitutazama tukishuka. Suruali za wanakwaya zilikuwa na magoti mekundu, shati moja lilikuwa la togwa, na bwana harusi alikuwa na matope mpaka nyusi.

"Kamwene, mzee," akamsalimu baba. "Nilikuwa naondoka. Mlikuwa wapi?"

"Kamwene, mchungaji. Tulikuwa tunatoa pepo."

Mchungaji akatikisa kichwa kwa uzito. "Zilitoka?"

"Zote nne," baba akasema. "Kisha tukazirudisha."

Mchungaji akafikiri kidogo, akaamua kutouliza zaidi, akafungua mlango wa kanisa.

Ndani palikuwa na baridi ya Njombe, ile inayotoka sakafuni. Tulisimama mbele, mimi na yeye, tukinuka udongo. Mchungaji akauliza ni nani aliyemleta binti huyu. Nilijua jibu. Tulikuwa tumelifanyia mazoezi nyumbani, na lilikuwa neno moja tu: mimi. Baba akatazama mikono yake, akatazama ya mchumba wangu, tope lile lile, na hakusema alichofundishwa.

"Mimi na mwanangu huyu," akasema. "Tumemfikisha."

Mchumba wangu akainamisha uso. Mchungaji akanigeukia na kuniuliza kama namkubali. Bibi harusi wa kwetu hujibu kwa kunong'ona, tena baada ya kuulizwa mara mbili. Nilijibu mara ya kwanza, na waliokuwa mlangoni wakasikia. Nyuma yangu shangazi akamwambia jirani yake, "Si nilisema."